Mdudu Aliyekaa Tumboni mwa Nelima

Mimi na Nelima tumepanga ploti moja hapa Gitothua, huu ni mwaka wa kumi na moja. Mlango wake unatazamana na wangu na kamba ya kuanika nguo ni yetu sote. Yeye ni Mbukusu wa Kimilili, mimi ni Mkikuyu wa Gatundu, lakini wapangaji wapya hudhani sisi ni ndugu wa tumbo moja kwa jinsi tunavyogombana. Habari hizi naziandika kwa ruhusa yake. "Andika, Mama Githae," aliniambia, "lakini usiniongezee chumvi. Na sehemu yako pia uiandike." Nitaiandika.

Nelima alikuja Thika mwaka wa 1997 akimfuata mumewe, Philip, aliyekuwa amepata kazi kiwandani. Kiwanda kilipofungwa, Philip alipata kazi ya kutunza bustani kwenye shamba moja la kahawa upande huu wa Ruiru, nao wakahamia huku. Nelima naye alikuwa amekwisha kuajiriwa kama msafishaji katika hospitali moja ya Thika, ambayo sitaitaja. Alianza na wodi ya wanaume, akapelekwa chumba cha upasuaji, na miaka sita iliyopita akahamishiwa wodi ya watoto wachanga. Hapo ndipo wanapolazwa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Wengine, aliniambia, hawazidi uzito wa pakiti mbili za maziwa, na ngozi yao unaweza kuona mishipa ikipita chini yake.

Aliipenda wodi ile kuliko zote. Akirudi jioni, kabla hajavua viatu, alinipigia kelele kutoka mlangoni: "Mama Githae! Yule wangu wa Makongeni leo amefika kilo mbili!" Kila mtoto alikuwa wake. Hakuwa daktari wala nesi, kazi yake ilikuwa kupiga deki, kufuta vitanda na kumwaga taka, lakini mama wa watoto wale walimjua kwa jina, na waliporuhusiwa kwenda nyumbani walimuaga yeye kwanza.

Mwezi wa tatu mwaka jana mambo yakaharibika. Katika muda wa siku kumi watoto watatu walishikwa na homa, wakaacha kunyonya na kuwa wa rangi ya majivu. Madaktari wakawapa dawa waliyozoea kuwapa. Haikufanya kitu. Wakabadilisha, wakabadilisha tena, na homa haikushuka. Damu ilipopimwa, maabara ikasema wana bakteria inayoitwa Klebsiela. Bakteria ya aina hiyo hukaa tumboni mwa watu wengi bila shida yoyote. Lakini hii ilikuwa imezoea dawa hadi karibu antibayotiki zote za hospitali hazikuiweza tena, na ikiingia kwenye damu ya mtoto wa kilo moja, haina mchezo. Ilibaki dawa moja tu ya kujaribu, nayo haikuwa Thika. Ikaagizwa Nairobi.

Kulikuwa na nesi mmoja, Sista Becky, ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia maambukizi hospitali nzima. Alifunga wodi isipokee mtoto mwingine, kisha akaamuru watu wote wapimwe: watoto, mama zao, manesi, madaktari, na wasafishaji. Kipimo chenyewe hakina heshima. Ni kijiti chenye pamba kinachopitishwa nyuma, mahali unapokalia. Nelima alinisimulia huku akijifunika uso kwa leso. "Nimezaa watoto wanne," alisema, "lakini aibu kama ile sijawahi kuiona."

Majibu yalitoka Alhamisi. Kati ya wafanyakazi ishirini na sita, mmoja tu alipatikana na mdudu yule tumboni. Sista Becky alimwita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Mama Nelima, keti. Kuna kitu nataka kukuambia, na nataka unisikilize mpaka mwisho. Wewe si mgonjwa."

Nelima anasema baada ya maneno hayo hakusikia tena chochote. Aliona midomo ya Sista ikicheza. Alichofikiria ni wale watoto watatu, na mikono yake, na vitanda vyote alivyovifuta.

"Ni mimi niliwaua?" aliuliza.

"Hakuna aliyekufa."

"Ni mimi niliwaletea?"

"Sijui," akasema. "Na sitakudanganya. Mpaka nijue, nitakutoa wodini kwa muda. Utafanya kazi uwanjani. Si adhabu."

Lakini mtu akihamishwa ghafla siku majibu yanapotoka, watu hawahitaji kuambiwa. Kesho yake wenzake walimwona akifagia majani karibu na lango, na kufikia saa nne hospitali nzima ilikuwa na jibu lake. Dorine, msafishaji mwenzake ambaye wamekunywa chai ya chupa moja miaka tisa, alikuja wakati wa mapumziko akiwa na kikombe chake na chupa yake mwenyewe. Alikaa ncha nyingine ya benchi. Hakusema neno baya. Alimwuliza tu, "Umeamkaje?" na kutazama pembeni.

Jioni ile Nelima hakunipigia kelele kutoka mlangoni. Nilimwona akipitiliza, nikadhani amegombana na Philip. Kumbe alikuwa anatafuta jinsi ya kumwambia. Philip ni mtu wa maneno machache, akizungumza sana ni kuhusu mbolea. Alimsikiliza mkewe mpaka akamaliza, kisha akavuta sahani karibu.

"Songa ugali tule," akasema.

"Hujasikia nilichosema? Mdudu yuko tumboni mwangu."

"Nimesikia. Miaka ishirini na nane nimekula chakula cha mkono wako. Sasa unataka nile kwa nani?"

Nelima alilia huku akisonga. Lakini alinawa mikono mara nne kabla ya kushika mwiko, na tangu siku hiyo akaanza kunawa kwa sabuni ya kipande mpaka ngozi ya vidole ikapasuka.

Kilichomwumiza zaidi kilikuwa Juja. Binti yake Mitchell ameolewa huko na Ndegwa, fundi wa simu anayefanya kazi karibu na chuo kikuu, na wiki ile ile alijifungua mtoto wa pili wa kike. Kwa desturi ya kwetu Wakikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake mume, na wa pili hupewa jina la mama yake mke. Wa kwanza ni Ngina, ana miaka minne. Huyu wa pili akaitwa Nelima. Ndegwa alipiga simu mwenyewe. "Mama, umezaliwa!" alisema akicheka. "Kuja ujione!"

Nelima alisema ana homa. Wiki iliyofuata akasema anaumwa na mgongo. Wiki ya tatu hakuwa na ugonjwa mwingine wa kutaja, akaenda. Alibeba unga wa wimbi wa uji wa mzazi na kuku mmoja, akaketi kwenye kiti kilicho karibu kabisa na mlango, mikono ameificha chini ya leso. Mitchell alimletea mtoto. Nelima akarudi nyuma kama anayepewa kaa la moto.

"Mwache alale," alisema. "Nina vumbi la njia."

Mitchell akamwekea maji na sabuni. Alinawa, na bado hakumshika. Ngina akasimama mbele ya nyanya yake, akamtazama.

"Kukhu, kwani baby ni mbaya?"

Mitchell akamvuta Ngina pembeni. Nelima alipokuwa akiondoka, Mitchell alimsindikiza hadi getini, macho yamelowa. "Mama, kama umekasirika kwa sababu nimezaa msichana tena, sema tu."

Nelima angeweza kusema ukweli pale pale. Hakuweza. Aliogopa kwamba binti yake akijua, ataiogopa mikono ile kama Dorine alivyoiogopa.

Hapo sasa ndipo sehemu yangu inapoingia. Siku hiyo alipofika alinifungulia roho yote, tukiwa tumekaa kwenye ngazi. Nami, badala ya kusikiliza, nikaingiza mdomo. Nikamwambia mdudu ni mdudu, na dawa ya mdudu ni dawa kali. Nikamwambia mimi nilipoumwa na tumbo nilinunua vidonge vya rangi mbili nikapona siku mbili. Nikamsindikiza mwenyewe hadi duka la dawa la hapo chini. Muuzaji hakuuliza chochote, alitia vidonge kwenye bahasha ndogo na kuandika 1x3.

Alivimeza siku tatu. Siku ya nne alikuwa anaendesha hadi hawezi kusimama, na ilimbidi aombe ruhusa kazini. Sista Becky alipoambiwa Mama Nelima anaharisha, alimpigia simu mara moja, akamwambia aje amwone akiweza kutembea. Alikwenda na bahasha yake mkononi kama mwanafunzi aliyekamatwa na mtihani.

Sista hakumfokea. Aliweka bahasha mezani na kuchungulia vidonge vilivyobaki.

"Nani alikwambia unywe hizi?"

"Jirani."

"Mwambie jirani asante, na asirudie tena. Sasa nisikilize vizuri, safari hii usiniangalie midomo. Tumbo la mtu ni kama shamba. Limejaa bakteria, na wengi ni marafiki. Wanajaza nafasi yote, huyu mbaya akikosa pa kusimama ananyauka. Wewe umekunywa dawa ambayo yeye haimwumi hata kidogo. Imeua wale marafiki, na yeye umemwachia shamba zima."

"Kwa hivyo nimemlisha?"

"Umemlisha. Acha vidonge. Kunywa maji yenye chumvi na sukari, kula chakula chako cha kawaida, na umpe muda. Kwa watu wengi wazima hawa wadudu huondoka wenyewe, miezi michache. Hakuna dawa ya kumtoa na huhitaji dawa."

Nelima akauliza swali alilokuwa akilibeba mwezi mzima. "Na mjukuu?"

"Alizaliwa lini? Alitimiza siku zake?"

"Ana wiki nne. Kilo tatu na nusu. Ananyonya kama ndama."

"Basi nawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni na kabla ya kumshika, halafu umshike. Watoto wetu wa wodi wana mirija puani na sindano mishipani, na ngozi yao haijakomaa. Huyo wako si kama wao."

Alitaka kuamini. Lakini anasema kichwa kilikubali na mikono ikakataa. Maadamu hakujua kama ni yeye aliyewaumiza wale watatu, hakuthubutu kumgusa wa nne.

Alipoinuka kwenda, Sista Becky akamzuia. "Nimepima vitanda, mashine, milango. Sijapata kitu. Hakuna anayeijua wodi ile kuliko wewe. Ukipata nguvu, njoo unitembeze. Niambie kila mnachofanya, si kile kilichoandikwa ukutani."

Walitembea Jumatatu iliyofuata, wamevaa aproni na glavu. Nelima alimwonyesha anakoanzia kufuta na anakomalizia, mahali ndoo zinapowekwa, mlango ambao watu hupitia wakichoka kuzunguka. Wakafika kwenye sinki la kona. Alisimama pale akilitazama.

"Nini?" Sista akauliza.

Sinki lile lilikuwa la kunawia mikono. Lakini watu wakiwa na haraka humwaga chochote humo: maziwa yaliyobaki kwenye vikombe, maji ya dripu yenye sukari, mabaki ya chai. Manesi walimwaga, Dorine alimwaga, yeye mwenyewe alimwaga. Na kwa miezi mitano maji yalikuwa yakishuka polepole, yakijaa kidogo na kurukaruka mtu akifungua bomba kwa nguvu. Aliwahi kumwambia msimamizi wake mara mbili, kisha akachoka kusema. Hatua moja kutoka hapo palikuwa na meza ambapo mama waliacha vikombe na sindano za kulishia watoto maziwa.

Akisema, angewataja wenzake waliokwisha kumkimbia, na angejitaja mwenyewe. Anasema aliifikiria kazi yake, akamfikiria na Dorine pia, ambaye ana watoto watatu shuleni.

"Sisi sote tunamwaga vitu hapa, Sista," akasema. "Mimi nikiwemo. Na haya maji yanaruka mpaka pale mezani. Angalia."

Akafungua bomba. Matone yakaruka, yakatua juu ya meza kama mvua ya kwanza.

Sista Becky aliyatazama matone, akamtazama Nelima, akatoa simu na kumwita Bedan, fundi wa mabomba wa hospitali. Bedan alifungua kiungo cha chini ya sinki, akageuza uso. Ndani kulikuwa na utelezi mnene wa rangi ya kijivu, umeganda kwenye kuta za bomba, unanuka maziwa yaliyochacha. Sista alichukua kidogo kwa kijiti chenye pamba, akakipeleka maabara yeye mwenyewe bila kumtuma mtu.

Majibu yalichukua siku nne. Alikuwa ni mdudu yule yule, mwenye usugu ule ule. Alikuwa ameishi ndani ya lile bomba akilishwa maziwa na maji ya sukari kila siku, na kila maji yalipofunguliwa aliruka nje.

Sinki liling'olewa. Likawekwa jingine mbali na meza, la kunawia mikono peke yake, na mabaki yote yakaanza kumwagwa kwenye chumba cha nje. Kikao kikaitishwa. Sista Becky alisimama mbele ya watu wote akasema aliyeonyesha chanzo ni Mama Nelima, na kwamba mtu akiwa na mdudu tumboni si kosa lake, ni ajali ya kazi. Hakuna aliyefukuzwa. Msimamizi aliyeambiwa mara mbili aliinama akiandika kitu ambacho, Nelima anasema, hakikuhitaji kuandikwa.

"Kwa hivyo sinki ndilo liliniambukiza mimi?" Nelima aliuliza baada ya kikao.

"Huenda. Au ulimpata kwingine hapa hospitalini. Au mtu mwingine kabisa, mgonjwa wa zamani, ndiye aliyemwacha kwenye bomba. Hatutajua. Lakini sinki ndilo lilikuwa likiwarushia watoto, na sasa halipo."

Na wale watoto? Dawa ya Nairobi ilifanya kazi. Wawili walipona kwa wiki mbili. Wa tatu, mtoto wa mama mmoja kutoka Kandara anayeitwa Kalondu, alikaa sana kwenye oksijeni, na kuna siku hata madaktari walitembea polepole wakipita kitanda chake. Siku aliporuhusiwa, Kalondu alimtafuta Nelima hadi uwanjani, akamkuta na ufagio, akamfunulia shuka. "Muone," alimwambia. "Kilo mbili na robo." Hakuwa na habari ya mambo ya vipimo, au kama alikuwa nayo hakuonyesha. Nelima aliweka ufagio chini akaketi kwenye ukingo wa maua. Anasema alipumua siku ile kama mtu aliyetoka chini ya maji.

Dorine alikuja saa ya chai. Alisimama akiwa na vikombe viwili.

"Aki nilikukosea," alisema. "Niliogopa. Niko na huyu wangu mdogo anayeugua kifua."

"Hata mimi nilijiogopa," Nelima akajibu. "Mimina chai."

Jumamosi ya wiki hiyo Nelima alikwenda Juja. Hakukaa karibu na mlango. Aliingia hadi jikoni, akanawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko huku Mitchell akimtazama bila kuelewa, kisha akamsimulia yote: kijiti, uwanja, vidonge vyangu, sinki. Hakuruka kitu. Mitchell alisikiliza hadi mwisho, akaanza kulia, halafu akakasirika.

"Mwezi mzima, Mama! Mimi nalala nikifikiri hunipendi, kumbe unaficha bakteria?"

"Nilikuwa namchunga mtoto."

"Nani alikwambia anahitaji kuchungwa na wewe?" Akachukua mtoto kitandani na kumweka mikononi mwake bila kungoja jibu. "Shika jina lako."

Nelima akamshika. Mtoto alikuwa mzito kuliko alivyozoea. Aliwazoea wale wa kilo moja, wa kutazamwa kupitia kioo, na huyu alikuwa na mapaja yenye mikunjo na kichwa kinachotoa jasho. Alipiga chafya, akamkojolea. Ngina alicheka hadi akaketi chini. Nelima hakumrudisha mtoto mpaka jua likaanza kushuka, na Ndegwa aliporudi kutoka kazini alimkuta bado amemshikilia, leso imelowa na kukaukia hapo hapo.

Nelima alipimwa tena mwezi wa saba, akakutwa bado anaye. Safari hii hakulia. Alipimwa mwezi wa kumi, wakamkosa mdudu, wakapima tena kuhakikisha, wakamkosa. Akarudishwa wodini. Siku hiyo sauti yake niliisikia toka getini kabla hajaufikia mlango: "Mama Githae! Tumbo langu ni langu!"

Mimi nimeacha kuwanunulia watu vidonge. Mwanangu Githae alipoumwa na koo mwezi uliopita nilimpeleka kwa daktari, akasema ni mafua tu, anywe maji ya moto. Nilitaka kubishana, lakini nikamkumbuka Nelima akishika ukuta wa choo, nikanyamaza.

Sasa wasafishaji wapya wakiletwa, Sista Becky huwakabidhi kwa Nelima wiki ya kwanza awafunze. Nelima amebakiza miaka miwili kabla ya kustaafu. Mwezi uliopita alipata likizo, na Philip, ambaye hajawahi kutoa wazo lolote lisilohusu mimea, akamwambia avae vizuri wanatoka. Alimpeleka kutazama maporomoko ya maji ya Chania, pale pale Thika. Nelima amefanya kazi Thika zaidi ya miaka ishirini, na hakuwahi kuyaona hata siku moja. Kila mara kulikuwa na zamu. Walikaa pale wakala mayai ya kuchemsha waliyobeba nyumbani, wakarudi jioni nguo zao zikiwa na unyevu wa maji. Nilimwuliza ilikuwaje.

"Kelele nyingi," akasema akining'iniza leso kwenye kamba yetu. "Lakini safi."